KUTAYARISHA MAKALA YA UTAFITI ILI IPELEKWE KWA MHARIRI WA JARIDA

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama, yakapigwa chapa kwa agizo la Halmashauri.)



Halmashauri imetutaka tuseme jioni hii juu ya jambo ambalo huenda wengine wenu, mliposoma tangazo lake ubaoni, mliona si letu. Makala za kitaalamu, mtasema, ni kazi ya maprofesa na madaktari. Karani shughuli yake ni daftari, mafaili na barua. Twaomba mtuvumilie kidogo. Twakusudia kuonyesha ya kuwa sehemu kubwa ya kazi ya kutayarisha makala ni kazi ile ile tunayoifanya kila siku mezani petu, na ya kuwa wengi katika chama hiki wamekalia maarifa ambayo hayajaandikwa mahali po pote ila katika madaftari yao.

Hata hayo majarida yenyewe asili yake ni meza ya katibu. Mwaka 1665, katika mji wa London, Henry Oldenburg, katibu wa chama cha wataalamu kiitwacho Royal Society, alianza kupiga chapa jarida la Philosophical Transactions. Kazi yake ilikuwa kupokea barua za wataalamu, kuzijibu, na kuzituma kwa wengine waliopasa kuzisoma. Katika kazi hiyo ndimo lilimotoka jarida ambalo lingali likitoka hata leo. Basi ye yote katika sisi aliyewahi kutia muhuri wa tarehe juu ya barua iliyopokelewa, na ajue ya kuwa muhuri ule ule ndio unaoamua ni nani aliyetangulia kusema neno fulani, wakati wataalamu wawili wanaposhindana. Makala nyingi hata sasa huandikwa tarehe zilipopokelewa na tarehe zilipokubaliwa.

Ili tusiseme maneno matupu, tutashika mfano mmoja wa nchi hii. Mwaka 1963 kijana Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi katika shule ya Magamba. Wanafunzi walikuwa na desturi ya kutengeneza aiskrimu: huchemsha maziwa, hutia sukari, huyaacha yapoe, ndipo huyatia katika sanduku la barafu. Siku moja nafasi ilikuwa chache, naye Mpemba akaona akingoja ataikosa. Akayatia maziwa yake yangali moto. Baada ya muda wa saa moja na nusu yake yalikuwa yameganda, na ya mwenzake, ambaye hakuyachemsha kabisa, yalikuwa bado. Akamwuliza mwalimu, akajibiwa ya kuwa amechanganyikiwa. Baadaye, alipokuwa katika shule ya Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, akachekwa. Walakini hakuacha. Aliwauliza wauza aiskrimu wa Tanga, akaona ya kuwa wao walikwisha jua siku nyingi na walikuwa wakifanya vivyo hivyo ili biashara yao iende upesi.

Dr. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alipofika Mkwawa kuzungumza na wanafunzi, Mpemba alisimama akauliza swali lake mbele ya watu wote. Wenzake wakamcheka. Osborne hakumcheka, alisema atajaribu. Aliporudi Dar es Salaam alimwagiza fundi wake afanye jaribio, na fundi akaleta habari ya kuwa maji ya moto ndiyo yaliyotangulia kuganda, ila akaahidi kuendelea kulirudia jaribio mpaka apate jibu lililo sawa! Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walitoa makala katika jarida la Physics Education la Uingereza. Mwaka huo huo mtaalamu mwingine, George Kell wa Canada, alitoa makala yake juu ya jambo lilo hilo katika jarida la Marekani. Mwaonaje, kama swali la Mpemba lingalibaki katika daftari lake la shule, jambo hili leo lingaliitwa kwa jina la nani?

Sasa natushike kazi yenyewe. Mtu asianze kuandika makala kwa mlango wa kwanza. Aanze na sehemu ya njia za utafiti, yaani ni nini kilichofanywa, kwa chombo gani, mahali gani, lini, na mara ngapi. Osborne aliandika ya kuwa walitumia maji ya kiasi cha sentimita 70 za ujazo, ndani ya bilauri za kioo zenye nafasi ya sentimita 100, zikiwa zimewekwa juu ya kipande cha povu gumu ili joto lisipite chini. Msomaji aweza kuona maneno hayo ni madogo na yenye kuchosha. Lakini kwa sababu yaliandikwa, mtu wa nchi nyingine aliweza kuchukua bilauri kama zile akajaribu mwenyewe.

Na watu wamejaribu kweli. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walitoa makala katika jarida la Scientific Reports wakisema ya kuwa hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba maji ya moto hupoa mbele ya maji ya baridi. Tena walionyesha ya kuwa kipimajoto kikipandishwa au kushushwa kidogo tu ndani ya chombo, majibu yaweza kugeuka. Tazameni basi: ubishi wa miaka mingi waweza kuwa juu ya kimo cha kipimajoto. Mtu asiyeandika kipimajoto chake alikiweka wapi amewafungia wenzake njia ya kumkubali, na njia ya kumkana pia. Wala hatusemi ya kuwa Mpemba ameshindwa. Maneno hayo yangali yakipimwa, na makala iliyoandikwa vizuri huendelea kuwa na faida hata wakati watu wanapoibishia.

Hapa twataka kuleta habari ya mwenzetu mmoja wa wilayani, ambaye jina lake twaliweka kwa kuwa shauri lake halijaisha. Kwa miaka 11 amepima mvua kila siku saa tatu ya asubuhi, akaandika katika daftari kwa mkono wake mwenyewe. Mwaka wa sita kopo la kupimia lilitoboka, likaletwa jingine. Mwaka wa tisa mwembe uliokuwa karibu ulikuwa umekua mpaka ukaanza kulikinga, basi kopo likahamishwa hatua 40. Habari za kutoboka na za mwembe zimo pambizoni mwa daftari, kwa kalamu ya risasi. Sasa amekuja mgeni mwenye elimu kubwa, anataka kunakili madaftari yote, na ameahidi ya kuwa mwenzetu atapewa shukrani mwishoni mwa makala. Mwenzetu ameuliza chama hiki ajibu nini.

Jibu letu lina sehemu mbili. Ya kwanza ni ya kazi. Mgeni akinakili tarakimu bila maneno ya pambizoni, ataona mvua ya mwaka wa tisa imepungua, naye aweza kuandika ya kuwa nchi inakauka, kumbe ni mwembe. Aujuaye mwembe ni mmoja tu. Kwa hiyo sehemu ya njia za utafiti haiwezi kuandikwa sawasawa pasipo yeye.

Ya pili ni ya haki. Wahariri wa majarida ya utabibu, ambao walikutana kwanza Vancouver mwaka 1978 ili wapatanishe kanuni zao, wameweka masharti manne ya mtu kuitwa mwandishi. Awe ameshiriki kwa kiasi kikubwa katika kuibuni kazi, au kukusanya habari zake, au kuzipima na kuzifasiri. Awe ameshiriki kuandika mswada au kuusahihisha kwa fikira. Awe ameukubali kabla ya kupigwa chapa. Na awe tayari kujibu kwa ajili ya kazi hiyo. Tena wamesema, na neno hili twaomba mlitie moyoni, ya kuwa kila aliyetimiza sharti la kwanza apewe nafasi ya kutimiza na hayo mengine. Maana yake, si halali kumnyima mtu mswada asiusome, kisha kusema si mwandishi kwa kuwa hakuusoma. Kanuni hiyo ni ya majarida ya utabibu, lakini majarida ya fani nyingine pia huifuata au huwa na iliyo karibu nayo. Mwenzetu aombe kwa adabu, kwa barua, kabla hajatoa hata daftari moja, ya kuwa atauona mswada na atashiriki kuuandika. Nakala ya barua akae nayo.

Lakini haki hukata pande mbili. Aliyepiga taipu tu, au aliyesahihisha maendelezo tu, si mwandishi. Mahali pake ni katika shukrani, na si aibu. Kadhalika mkubwa wa ofisi ambaye kazi yake ilikuwa kutia sahihi ya kibali au kutafuta fedha, kwa kanuni hizo hizo hastahili kuitwa mwandishi kwa sababu hiyo peke yake. Twajua ni vigumu kumwambia mkubwa neno kama hilo. Ni rahisi kidogo ikiwa karatasi ya majina na kazi ya kila mmoja imeandikwa tangu siku ya kwanza. Katika makala ile ya mwaka 1969 jina la Mpemba, kijana aliyekuwa bado akisoma katika chuo cha wanyama wa porini karibu na Moshi, lilitangulia jina la mwalimu wa Chuo Kikuu.

Baada ya njia za utafiti huja matokeo. Hapa ni tarakimu na majedwali, wala si mahali pa kueleza sababu. Karani ana faida kubwa kuliko mtaalamu mwenye haraka, maana amezoea kujumlisha kwenda chini kisha kwenda kando. Hesabu za jedwali zisipolingana na zilizo katika maneno, mhariri ataona, na akiona moja atashuku zote. Kila jedwali liwe na jina lake, vipimo vyake, na idadi ya vitu vilivyohesabiwa. Asilimia isiyosema ni ya watu wangapi haimfai mtu.

Mjadala ndio mahali pa kueleza, na ndipo waandishi wengi wanapopotea kwa kujisifu. Yatosha kusema tumepata nini, wengine walipata nini, tofauti yaweza kuwa imetoka wapi, na kazi yetu ina upungufu gani. Mpimaji akikuta upungufu ambao mwandishi ameuficha atakuwa mkali. Akiukuta umekwisha kusemwa, mara nyingi hupita. Dibaji nayo iwe fupi. Hakuna haja ya kueleza historia ya mvua tangu Nuhu.

Jina la makala na ikisiri viandikwe mwisho kabisa, kwani havijulikani mpaka kazi imekwisha. Makala ya Mpemba na Osborne iliitwa “Cool?”, neno moja na alama ya kuuliza. Lilikuwa jina la kupendeza kwa wakati wake, lakini leo watu hutafuta makala kwa mashine, nayo mashine haijui mzaha. Jina liseme jambo, mahali, na pengine miaka. Ikisiri iwe na tarakimu za matokeo ndani yake, maana wengi hawatasoma zaidi ya hapo.

Juu ya marejeo tutasema kwa ukali kidogo. Usitaje kitabu ambacho hukukisoma. Usinakili marejeo kutoka makala ya mtu mwingine, kwa kuwa kosa lake la ukurasa litakuwa kosa lako. Siku hizi ziko programu za kompyuta ambazo mtu huziomba zimwandikie, nazo huandika kwa ufasaha hata vitabu visivyokuwapo, pamoja na mwaka na ukurasa. Tangu mwaka 2023 majarida makubwa yametangaza ya kuwa programu hizo haziwezi kuitwa mwandishi, na ya kuwa aliyezitumia aseme wazi.

Kabla mswada haujatoka mlangoni pana jambo la ruhusa, na sisi watumishi wa serikali latupasa kuliko watu wengine. Habari zilizomo katika mafaili ya ofisi si mali yetu binafsi; kibali cha mkuu wa idara kiombwe kwa maandishi. Katika Tanzania vibali vya utafiti hutolewa na COSTECH, tume iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1986, na mambo ya afya hupita NIMR, taasisi iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1979. Wenzetu wa Kenya wana NACOSTI. Nambari ya kibali huandikwa ndani ya makala. Kibali kinachoombwa baada ya kazi kwisha ni taabu tupu, na majarida mengi hayatakipokea. Majina ya wagonjwa yasionekane po pote, hata katika picha ya daftari.

Sasa kuchagua jarida. Yafaa kusoma matoleo matatu manne yake kwanza, kuona kama hupokea mambo ya namna yetu, kisha kusoma maagizo kwa waandishi kama tusomavyo waraka wa serikali, sharti kwa sharti: idadi ya maneno, namna ya marejeo, upana wa picha. Makala nyingi hurudishwa na mhariri mwenyewe, hata wapimaji hawajaziona, kwa sababu maagizo hayo yalipuuzwa. Tena mswada hupelekwa kwa jarida moja tu kwa wakati mmoja. Kuupeleka kwa mawili ili kuona nani atakayetangulia kujibu ni kosa la uaminifu, hata kama barua zote mbili zina salamu nzuri.

Mjihadhari na matapeli. Wako wanaoandika barua pepe za kumsifu mtu wasiyemjua, wakimwahidi kupiga chapa katika siku chache, mradi alipe. Mwaka 2013 John Bohannon wa jarida la Science alitunga makala ya uongo juu ya dawa ya saratani, yenye makosa ambayo mpimaji ye yote wa haki angaliyaona, akaipeleka kwa majarida 304. Majarida 157 yaliikubali. Mwandishi wa uongo alipewa jina lenye sauti ya Kiafrika na chuo cha uongo katika mji wa Asmara. Jambo hilo la pili sisi halikutufurahisha, lakini la kwanza lina mafunzo. Jarida likidai malipo, tuulize kwanza wahariri wake ni nani na kama wapo kweli. Mengi yaliyo ya haki hupunguza au husamehe malipo kwa waandishi wa nchi zisizo na mali nyingi, nasi twapaswa kuomba bila haya.

Wengine watauliza juu ya lugha. Ni kweli majarida mengi ni ya Kiingereza, na huo ni mzigo. Lakini liko jarida la Kiswahili la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambalo asili yake ni ile Halmashauri ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930, nalo hupokea makala za lugha na fasihi kwa lugha yetu. Shaaban Robert, ambaye vitabu vyake vyajulikana na wote, aliingia kazi ya ukarani wa forodha mwaka 1926. Ukarani haukumzuia kuandika.

Mswada ukiisha, hupelekwa pamoja na barua fupi kwa mhariri: makala yahusu nini, kwa nini yafaa jarida lake, haijapelekwa kwingine, na waandishi wote wamekubali. Ndipo huja kungoja, miezi miwili, mitatu, pengine sita. Jibu likija, mara chache litakuwa ndiyo moja kwa moja. Wapimaji wataleta maswali, na mengine yataonekana ya dharau. Dawa yake ni desturi yetu ya kujibu hoja za wakaguzi wa hesabu: kila swali lipewe nambari, chini yake jibu, na ukurasa ulipogeuzwa. Mahali mpimaji alipokosea, aambiwe kwa heshima na kwa ushahidi. Na makala ikikataliwa kabisa, maneno ya wapimaji hutumiwa kuitengeneza, kisha hupelekwa kwa jarida jingine.

Bwana Mwenyekiti, mwenzetu wa mvua alimwandikia mgeni wake juma lililopita, na jibu limekuja ya kuwa yu tayari kukaa naye waandike pamoja. Sehemu ya njia za utafiti imekwisha kuandikwa, kurasa nne, na mwembe umo. Nakala tatu ziko juu ya meza ile karibu na dirisha. Wanachama wawili wenye macho ya hesabu watakiwa wazisome kabla ya Jumamosi, hasa jedwali la pili, ambalo jumla yake ya mwaka wa sita hailingani na ya daftari kwa milimita 3.